Mtoto Akiuliza
Neno: Yoshua 4:1-7

Nilipokuwa nikifanya kazi Barcelona, nchini Uhispania, jioni moja ya Oktoba 31 mlango uligongwa. Kufungua, nikakuta wachawi wadogo watatu na mmoja aliyechorwa mifupa, wote wanapaza sauti, "Truco o trato!" Yaani, tupe peremende ama tukufanyie vituko. Mimi mlokole nikafunga mlango nikaanza kukemea.

Kesho yake jirani yangu, nyanya mmoja mjane, alinicheka sana. Akaniambia Halloween si yao. Alipokuwa msichana haikuwepo pale mtaani. Ililetwa na sinema za Marekani, maduka, na walimu wa Kiingereza shuleni. (Ingawa watu wa Galicia watakwambia wazee wao walichonga malenge zamani sana.) Sikukuu yao ni Novemba 1, Todos los Santos, yaani Watakatifu Wote. Siku hiyo kazi hufungwa, na familia huenda makaburini kusafisha na kuweka maua. Pale Catalonia wana castanyada: wanachoma njugu kubwa za msituni na viazi vitamu, na kula panellets, vitamutamu vya lozi. Alinipa sahani nzima.

Halafu akanyamaza. Mjukuu wake alikuwa amekataa kwenda makaburini, eti amechoka na Halloween. "Kila mwaka nimembebesha maua," akasema, "lakini sijawahi kumwambia babu yake alikuwa mtu wa aina gani."

Wapendwa, mambo ya uchawi sifanyi nayo mchezo. Soma Kumbukumbu la Torati 18:10-12. Lakini tumezoea kupigia malenge kelele. Yale mawe kumi na mawili ya Yordani yaliwekwa kwa sababu Mungu alijua mtoto atauliza, na mzazi anatakiwa awe na jibu. Yule kijana hakupewa jibu, akapewa peremende. Wewe ungechagua nini ukiwa na miaka tisa?

Na sisi je? Oktoba 31 hiyo hiyo, mwaka wa 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg, Ujerumani. Ibada zetu zina deni na siku hiyo. Watoto wangu niliwaeleza mwaka jana tu, na kifungua mimba ana miaka 19.