Chumvi katika Donge la Kufinyangia

Pasipopatikana udongo wa mfinyanzi, watoto waweza kufinyanga kwa unga wa ngano. Vikombe 2 vya unga vichanganywe na kikombe 1 cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya mafuta. Kisha maji, kadiri ya kikombe 1, yatiwe kidogo kidogo, na unga ukandwe mpaka usigande mikononi.

Protini za ngano zikipata maji hufanya gluteni, yaani nyuzinyuzi zinazovutika. Ndizo zinazoshikamanisha donge. Je, chumvi ina kazi gani? Donge la pili lifanywe bila chumvi, na kila moja lifunikwe katika chombo chake kwa siku 7. Lisilo na chumvi litatangulia kuota kuvu au kuoza, kwa maana chumvi huwanyima vijidudu maji kwa njia ya osmosisi.

Lakini mtoto mdogo akimeza kiasi kikubwa, chumvi hiyo huzidi katika damu na kuvuta maji kutoka katika seli za ubongo. Hapo maisha yake yamo hatarini, na hospitali ndiko pa kumkimbiza. Kwa hiyo wadogo wafinyange mbele ya mtu mzima.