Unono, Kitambi na Kiribatumbo: Msamiati wa Unene na Athari Zake kwa Afya

Mkenya anayemuaga mwenzake usiku humwambia, "Lala unono." Unono, kwa asili yake, ni hali ya mnyama aliyeshiba akajaa mafuta, mbuzi aliyenona ndiye anayefaa kuchinjwa siku ya karamu. Kwamba neno hili limekuwa dua ya usingizi mwema ni ushahidi kuwa wasemaji wa Kiswahili wameyaona mafuta ya mwili kuwa neema. Makala haya yanachunguza msamiati huo kwa kuwa una uzito nje ya darasa la isimu: maneno yanayousifu unene humzuia mgonjwa kusikia anachoambiwa na daktari.

Aliyeongeza kilo husemwa kuwa amenawiri, au kwamba mwili umemkubali. Husemwa pia kuwa "ana afya", kana kwamba afya na unene ni kitu kimoja. Kwa upande wa pili, aliyepungua amekonda kama ng'onda, amedhoofu, amekwisha. "Mbona umekonda?" ni swali la huruma, ilhali "umenenepa!" ni pongezi anayopewa anayerejea nyumbani kutoka safari ya mbali. Ni vigumu kupata katika mazungumzo ya kila siku neno moja linalomsifu mtu kwa kupunguza uzito.

Haifai kuyahukumu mazoea haya kuwa ni ujinga. Jamii iliyozoea njaa baada ya kila kiangazi ilikuwa na haki ya kulishangilia shavu lililojaa. Kisha ukaja UKIMWI. Mnamo 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya wilayani Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu hadi kifo. Nchini Kenya pia, katika miaka iliyofuata, kukonda kulizua minong'ono matangani na sokoni. Aliyepunguza uzito kwa hiari yake alijikuta akidaiwa maelezo, na mwenye mwili mkubwa alitembea na cheti chake cha afya mwilini. Hofu hiyo haijaisha kabisa hata sasa, ijapokuwa dawa za kupunguza makali ya virusi zimewawezesha wengi kuishi maisha marefu.

Wakati huohuo hali ya miili imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2008-09 uliwakuta asilimia 25 ya wanawake wa Kenya walio kati ya miaka 15 na 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2014 uliwakuta asilimia 33. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Jawabu la 25 na zaidi ni uzito uliozidi, na 30 na zaidi ni unene wa kupindukia. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 huvuka mpaka wa kwanza akifika kilo 64, na wa pili akifika kilo 77. Wengi wanaoambiwa kwamba wamenawiri wako kati ya mipaka hiyo miwili au wameipita yote.

Athari zake hazionekani kwa macho, na hapa ndipo lugha inapopotosha zaidi. Mafuta yaliyojazana mwilini huzifanya chembe zikaidi amri ya insulini, sukari ikabaki katika damu, na kisukari cha aina ya pili kikaingia polepole. Kisukari hicho huharibu figo, macho na mishipa ya fahamu ya miguu. Shinikizo la damu hupanda, na nyuma yake huja kiharusi na maradhi ya moyo. Magoti huchakaa kwa mzigo. Mkoromo wa usiku, unaochekwa na jamaa chumbani, huenda ukawa dalili ya pumzi inayokatika mara kwa mara usingizini. Huyo halali unono. Aidha, uwezekano wa kupata baadhi ya saratani huongezeka, kama vile ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

Je, hali hii iitwe nani? "Unene wa kupindukia" ni maelezo zaidi kuliko jina, nayo hayasemi kupindukia kunaanzia wapi. Tanzania inatumia istilahi "kiribatumbo", inayotukumbusha kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Ni neno lenye picha kali, lakini picha yenyewe ina kejeli, na mtu anayechekwa huiepuka zahanati. Hili si jambo dogo, maana unene hauletwi na ulafi peke yake. Urithi wa nasaba una sehemu yake, sawa na kazi ya kuketi kutwa, na vibanza vya mijini ambamo chipsi na soda hupatikana upesi kuliko githeri.

Lililobaki ni "kitambi". Neno hili lina maana nyingine, ya kipande cha nguo cha kujifunga, na kwa hakika mafuta ya ndani ya tumbo hutanda juu ya matumbo mithili ya nguo. Hayo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko yale ya nyonga na mapaja. Kila Mkenya analijua neno hili, nalo linataja mahali hasa penye hatari. Doa lake ni kuwa limehusishwa na pesa na cheo, hata mwenye kitambi akakipapasa kwa fahari. Muuguzi anayemwambia mgonjwa "umenenepa" atajibiwa kwa tabasamu na "asante". Akimwambia "kitambi chako kipimwe", watakuwa na jambo la kuzungumza, na utepe wa fundi wa nguo utawatosha: hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.