Namna ya Kueleza Sababu katika Kiarabu



Wanafunzi wapenzi, tuangalie kosa ambalo halikosekani katika insha zenu. Mwanafunzi huandika: "Ghaaba Zaydun li-anna maridha", akikusudia "Zayd hakuhudhuria kwa sababu aliugua." Katika Kiswahili, baada ya "kwa sababu" twaweza kuleta kitendo moja kwa moja. Kiarabu hakikubali hivyo. Basi zishikeni njia hizi nne.

1. Li-anna. Neno hili ni laam pamoja na anna, ambayo ni katika ndugu za inna. Kwa hiyo hufuatwa na ismu yenye nasbu, au huunganishwa na dhamiri. Sahihi ni: "Ghaaba Zaydun li-annahu maridha." Au: "Ghaaba Zaydun li-anna ummahu mariidhatun", yaani kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Angalieni fat-ha ya ummahu.

2. Laam ya taaliili. Hii huingia kwenye fi'ili mudhaari'i ikaipa nasbu: "Ji'tu li-adrusa", nimekuja ili nisome. Adrusu imekuwa adrusa, kama vile "ninasoma" inavyokuwa "nisome" baada ya "ili". Hapa Kiswahili chenu kitawasaidia.

3. Faa ya sababu. Hii huja baada ya amri, katazo au kanusho, na kitendo kinachofuata hupata nasbu: "Ijtahid fa-tanjaha", jitahidi upate kufaulu. Juhudi ndiyo sababu, kufaulu ndiyo matokeo.

4. Maf'uulu li-ajlihi. Hii ni masdari yenye nasbu inayojibu swali "kwa nini?" Mfano: "Qumtu ihtiraaman lil-ustaadhi", nilisimama kwa kumheshimu mwalimu. Wanazuoni wengi wa nahau wameshurutisha iwe ni masdari ya jambo la moyoni, kama heshima, hofu au huruma.

Sasa linganisheni sentensi hizi mbili:

"Tasaddaqtu rahmatan bil-faqiiri." Nilitoa sadaka kwa kumhurumia fakiri.
"Tasaddaqtu riyaa'an." Nilitoa sadaka kwa kujionyesha.

Kitendo ni kilekile, na huenda hata fedha ni zilezile. Kilichobadilika ni ile masdari, na kwayo amali moja inatarajiwa thawabu na nyingine imeharibika. Ndiyo maana asiyejua maf'uulu li-ajlihi husoma kitabu akajua mtu alifanya nini, lakini nia yake ikampita.

ZOEZI: Tarjumu kwa Kiarabu.
(a) Nilichelewa kwa sababu mvua ilinyesha.
(b) Tulikwenda msikitini ili tuswali.
(c) Alinyamaza kwa kuogopa.

Katika (a), kumbukeni kutanguliza "mvua" kabla ya "ilinyesha", na muipe nasbu.