Kiwanja cha Paje kwa jina la kuazima

*Mshauri, mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na mke wangu ni mwalimu Masasi. Fedha za minada ya misimu miwili tumeziweka benki. Dalali wa Unguja ametuonyesha kiwanja Paje, hatua chache kutoka baharini, tujenge nyumba ya kupangisha watalii. Anasema kwa kuwa sisi ni watu wa Bara, hati itaandikwa jina la rafiki yetu Mzanzibari tuliyesoma naye, nasi tutabaki na karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa sheha. Mke wangu hataki kabisa. Mimi naona bahati inatuponyoka. Nani kati yetu yuko sahihi?*
Mkulima, Newala

Ndugu Mkulima, mke wako yuko sahihi, na ni vizuri uzijue sababu, maana ukimkubalia kwa shingo upande, msimu ujao atakuja dalali mwingine mwenye maneno matamu zaidi. Uraia ni jambo la Muungano, ardhi si jambo la Muungano. Pasipoti yako na ya mtu wa Makunduchi ni moja, lakini mbele ya Kamisheni ya Ardhi Zanzibar hamko sawa. Sheria ya ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya 1992, imeiweka ardhi mikononi mwa Rais wa Zanzibar kwa niaba ya wananchi, na haki ya kuimiliki hupewa Mzanzibari. Asiye Mzanzibari, awe Mtaliano au Mmakonde wa Newala, hukodishwa kwa muda maalumu kwa ajili ya uwekezaji. Kwa habari ya ardhi, ukishuka bandarini Malindi wewe ni mgeni.

Najua litakalokukera. Mzanzibari anaweza kumiliki kiwanja Kariakoo, hata Masasi, mbona wewe uzuiwe kwake? Uchungu huo nauelewa, lakini tazama ukubwa wa ardhi yenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, wanaoishi kwenye kilomita za mraba kama 2,500. Mkoa wenu wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947 kwenye kilomita za mraba zaidi ya 16,000. Shamba likichoka Newala, watu huhamia Tunduru. Unguja hakuna Tunduru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba eka tatu tatu kwa wasiokuwa na ardhi, na leo eka hizo zinagawanywa kwa wajukuu. Mlango wa kumiliki ardhi hiyo ukifunguliwa kwa kila mwenye fedha, wa kwanza kuingia hatakuwa mkulima wa korosho. Sheria hiyo, kwa maoni yangu, ina haki. Lakini hata ungekuwa unaiona dhuluma, bado ndiyo itakayotumika siku ya kesi.

Sasa hiyo karatasi. Korosho zako zikifika ghalani hupimwa, na stakabadhi huandikwa jina lako. Je, ungekubali iandikwe jina la jirani kwa sababu tu ni mtu mwema? Unaijua pia kangomba: mkulima anayechukua fedha kichochoroni kabla ya mavuno hana pa kulalamikia ukubwa wa bakuli la kupimia, kwa kuwa biashara yenyewe haikupita njia halali. Makubaliano yako na rafiki yako ni ya namna hiyo. Lengo lake ni kukwepa sheria, na mahakama haimsaidii mtu kudai matunda ya mkataba wa kukwepa sheria. Muhuri wa sheha nao haubadilishi umiliki. Uhamisho wa ardhi Zanzibar hupitia Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, na huko jina lako halitaonekana.

Utasema rafiki yako ni mwaminifu. Na awe hivyo. Anaweza kuwa mwaminifu mpaka kaburini, na shida ikaanzia hapo hapo kaburini. Akifa, nyumba uliyoijenga inaingia kwenye mirathi yake, kila mrithi na fungu lake: mjane, watoto, wazazi. Mtu mzima huenda akakusamehea fungu lake kwa kuwa alikujua. Mtoto wa miaka 6 hana uwezo wa kusamehe, na anayemsimamia hana ruhusa ya kumgawia mtu mali ya yatima. Kwa hiyo hata ukoo mzima ukikuonea huruma, nyumba haiwezi kurudi kwako yote. Dalali atakuambia wengi wamefanya hivyo na wanaendelea vizuri. Wanaendelea vizuri kwa sababu marafiki zao bado wako hai.

Njia halali zipo. Sheria ya Zanzibar ya 2010 inaruhusu asiye Mzanzibari kununua fleti kwenye majengo kama ya Fumba, na mwenye mtaji mkubwa anaweza kukodi ardhi kupitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Kwa fedha za misimu miwili, mimi ningetazama Masasi, zinapokutana barabara za Mtwara, Newala na Tunduru, na ambako hupita magari yanayoelekea Msumbiji kupitia Daraja la Umoja. Madereva na wafanyabiashara hulala huko mwaka mzima. Kiwanja kilichopimwa mjini hupata hati ya hadi miaka 99; shamba la kijijini hupata hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria Namba 5 ya 1999. Zote mbili zinaweza kubeba majina ya mume na mke. Usitume malipo ya awali Paje, na kama umeshatuma, mwandikie dalali leo urudishiwe, na nakala ya barua abaki nayo mke wako.