Injini Mpya, Springi za Zamani: Kikundi Kipime Kabla ya Kununua



Huku kwetu Masara pikapu ya kikundi haipumziki. Leo imebeba magunia kwenda soko la Migori, kesho iko njia ya Macalder, kesho kutwa inashuka Muhuru Bay kuleta samaki. Baadhi ni za miaka mingi, kama ile Peugeot 504, gari ambalo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Barabara mbovu inaijua.

Shida huanza injini ya petroli inapochoka, kikundi kikanunua ya dizeli iliyotoka kwa gari lingine. Uamuzi si mbaya, mafuta yanaokolewa. Lakini dizeli kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito wenyewe unakaa mbele. Pua inashuka. Kila shimo gari linagonga chini kabisa, tairi zinalika upande mmoja, usiku taa zinaangalia miguu yake lenyewe, na dereva akishika breki ghafula linainama vibaya. Likiwa na watu nyuma, hapo hatuzungumzii starehe tena.

Fundi atasema, "Tuweke springi ngumu." Ngumu kiasi gani? Hapo ndipo tunataka kikundi kiwe na tarakimu mkononi kabla ya mweka hazina kufungua sanduku.

Kwanza, injini imeongeza kilo ngapi? Mizani ya kuning'iniza magunia inatosha. Inua ncha moja ya injini kidogo tu, ile nyingine ikiwa imekalia ubao, usome kilo. Kisha fanya hivyo ncha ya pili. Jumlisha. Pima injini zote mbili kwa njia hiyo, ile ya zamani na ile mpya, upate tofauti.

Pili, pima ugumu wa springi ya zamani, yaani kilo ngapi zinaibonyeza milimita moja. Fundi akiitoa kwa kifaa chake cha kubana (si kwa waya wala kamba, springi ikifyatuka inaua mtu), isimamishe mahali tambarare, ubao juu, na bomba lililosimama imara katikati ili isiponyoke. Weka gunia la kilo 90, pima urefu. Ongeza la pili, pima tena. Ikiwa gunia la pili limeishusha milimita 45, ugumu ni kilo 2 kwa milimita.

Tuchukue mfano. Kabla ya kubadilisha injini, springi ilikuwa imebonyea milimita 150 ikiwa ndani ya gari. Basi ilibeba kilo 300. Injini mpya imezidi kwa kilo 80, yaani 40 kila upande. Gawanya kwa 2: pua imeshuka milimita 20.

Sasa springi ibebe 340 badala ya 300. Zidisha ugumu wa zamani kwa 340, gawanya kwa 300, unapata kama kilo 2 na robo. Springi ya ugumu huo, yenye urefu uleule ikiwa nje ya gari, itabonyea milimita 150 zilezile na pua itarudi mahali pake. Ukikimbilia ya kilo 3 itabonyea 113 tu. Gari litainua pua na kurukaruka kwenye matuta, na gurudumu lisiloshika ardhi halipigi kona wala halifungi breki.

Wako wanaokata mzunguko mmoja kati ya minane. Ni kweli ugumu unapanda, tena karibu na pale tulipotaka! Lakini urefu umepotea, na pua inaweza kuwa chini kuliko hata kabla ya kukata. Kuchoma kwa gesi ndiyo mbaya kupita zote, chuma kinapoteza nguvu yake. Raba katikati ya mizunguko tungeiita dawa ya kufika nyumbani.

Hesabu hii inafaa 504 kwa sababu springi yake ya mbele inatembea karibu sawa na gurudumu. Magari ambayo springi imekaa ndani zaidi kwenye mkono wa chuma yanahitaji hesabu nyingine. Land Rover za zamani zina springi za vyuma bapa, na kiwanda chenyewe kilitofautisha za petroli na za dizeli, hata upande wa dereva na wa abiria. Kwa hiyo mkienda kwa wauza spea msiseme tu "springi ya mbele". Semeni injini, semeni upande, na mbebe tepu.

Nunueni mbili zinazofanana ugumu, na shokabsoba zinazolingana nazo. Badiliko la injini liandikishwe NTSA na bima iarifiwe. Baada ya kufunga, gari lipelekwe kunyooshwa magurudumu na taa zirekebishwe. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili, mwandike kwenye daftari la kikundi. Mwezi ukiisha pimeni tena, maana springi mpya hukaa kidogo.