Kupanda kilima: Pumzi yako yakwambia nini?

Stoodley Pike ni kilima cha wastani kaskazini mwa Uingereza. Kina urefu wa mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na juu yake umesimama mnara wa mawe uliokamilika mwaka wa 1856. Chini yake ni bonde la mto Calder na mji wa Hebden Bridge, uliokuwa na viwanda vingi vya nguo. Leo viwanda hivyo vimenyamaza, na watu huenda huko kutembea.

Kutoka mjini hadi mnarani mtu hupanda karibu mita 300. Huko juu hakuna miti, ila nyasi ngumu, udongo mweusi wa majimaji na upepo wa baridi. Si safari ya mabingwa, lakini ni mtihani mzuri wa moyo na mapafu.

Kwa nini twahema tukipanda? Kila hatua, misuli ya miguu huinua uzito wote wa mwili. Misuli hiyo huhitaji oksijeni zaidi, kwa hivyo moyo hupiga haraka na pumzi huongezeka. Mwendo ufaao ni ule unaokuwezesha kuzungumza, ingawa huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Ukipumzika, pumzi yapasa kutulia baada ya dakika chache.

Lakini ukibanwa na kifua, ukishikwa na kizunguzungu, au maumivu yakienea hadi mkononi au kwenye taya, simama na utafute msaada mara moja. Hayo si uchovu.

Bonde hilo lina funzo jingine. Juu ya Hebden Bridge, kiwanda cha Acre Mill kilitengeneza bidhaa za asbestosi kuanzia 1939 hadi 1970. Wafanyakazi wengi walivuta vumbi lake, na baadaye wakaugua na kufa. Nyuzi za asbestosi hunasa mapafuni, na ugonjwa waweza kujitokeza miaka 20, 30 au hata zaidi baadaye. Mara nyingi huanza kwa kuishiwa na pumzi mtu anapopanda mlima au ngazi.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa ngazi ulizopanda mwaka jana bila taabu sasa zakushinda, usiseme ni uzee tu. Mwone daktari, na umweleze kazi zote ulizowahi kufanya, hata zile za ujanani.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani lashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kilima kidogo chatosha. Anza polepole, beba maji na nguo ya kuzuia baridi, na ushuke kwa hatua fupi ili kuyahurumia magoti. Mapaja yakiuma siku mbili baadaye, usishtuke: ni kazi ya kushuka, na yatapoa yenyewe.