Binti ameacha kushona, nifunge kisimbusi?

Shangazi, binti yangu ana miaka 14. Jioni huwa tunaangalia mashindano ya kuimba, na anachopenda zaidi ni usaili, pale mtu anapoharibu wimbo na majaji wakaangua kicheko. Zamani alikuwa akiomba vipande vya vitambaa kwa fundi wa jirani na kushona sketi na mikoba. Siku hizi cherehani imefunikwa. Nikimuuliza anajibu, "Nikikosea mtanicheka." Baba yake anataka tufunge kisimbusi. Mimi naona tutamnyima starehe yake bure. Nifanyeje?
Mama Binti, Morogoro

Mwanangu, kisimbusi usikifunge. Badilisheni kipindi.

Sina ugomvi na mashindano ya kuimba. Bongo Star Search ilimtoa Walter Chilambo, mshindi wa 2012, na leo nyimbo zake za injili zinaimbwa mpaka kwenye daladala. Lakini usaili huhaririwa ili uchekeshe: mtu anaonekana dakika moja, anaharibu, anaondoka. Hatumwoni akirudia. Anayetazama hayo kila jioni atajuaje kwamba kukosea ni sehemu ya kazi?

Tafuteni The Great British Sewing Bee, cha BBC ya Uingereza, kilichoanza 2013. Wanaoshindana si mafundi wa kulipwa, ni watu wanaoshona majumbani kwao. Kila kipindi kina kazi tatu. Kwanza wote hukata na kushona vazi la aina moja. Kisha hupewa nguo kuukuu, au hata mapazia, wazigeuze kuwa vazi jipya kwa muda mfupi. Mwisho humshonea mtu halisi nguo ya kumkaa sawasawa. Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka binti yako aione. Zipu inashonwa kinyume, mkono wa kulia unakaa kushoto, mtu anafumua huku saa inamkimbia, na mara nyingine mshindani wake ndiye anayekuja kumshikia kitambaa! Jaji Patrick Grant, mtu wa suti za Savile Row jijini London, hukagua mpaka mishono ya ndani. Kasoro anaitaja bila kuficha, ila anaisema nguo, hamsemi mtu.

Akishanogewa, mpe The Great Pottery Throw Down, cha wafinyanzi. Humo jaji Keith Brymer Jones hububujikwa na machozi akiona chombo kilichomgusa. Jaji analia kwa furaha. Mwache binti aone na hilo. Blown Away, cha Netflix, ni cha wapuliza vioo, na vipindi vyake ni vifupi, havimalizi bando. Kazi ya saa nyingi huanguka ikavunjika vipande, na aliyeivunja hushika bomba akaanza upya.

Project Runway ya Marekani mtazame pamoja, kwa sababu ina majungu yake. Lakini kipindi chake cha kwanza kabisa, 2004, wabunifu walipelekwa supamaketi wakatafute vitu vya kushonea, na aliyeshinda, Austin Scarlett, alitengeneza gauni la maganda ya mahindi. Hapo Morogoro maganda hayo yamejaa sokoni.

Na mkitaka cha kula, ipo The Great British Bake Off. Bingwa wake hapewi hata senti, anapewa maua na sahani ya kuwekea keki. Nadhani ndiyo maana washiriki hawaoneani kijicho. Nadiya Hussain, bingwa wa 2015, mwaka uliofuata alioka keki ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90.

Kiingereza chao ni cha haraka, lakini sindano haihitaji mkalimani.

Sasa kazi yako. Usimsihi afunue cherehani. Ifunue wewe, mwambie baba yake atoe shati kuukuu (huo ndio mchango wake, badala ya kufunga kisimbusi), na ulikate mbele ya binti, hata kama hujui kushona. Ukiharibu, fumua anza tena. Akicheka, mpe mkasi.

Nanyi wasomaji, mkijua kipindi cha Kiswahili kinachoshindanisha mafundi wa cherehani, wachongaji au wafinyanzi, niandikieni jina lake, kituo na saa kinaporushwa.